Kumhamishia mtoto mwenye mahitaji maalumu kwenye shule za Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa familia zinazozungumza Kiswahili, kutoka Tanzania, Kenya, Kongo au kambi za wakimbizi, zinazohamia Marekani na mtoto mwenye usonji, mtindio wa ubongo, uziwi, uoni hafifu, kifafa, ulemavu wa akili, au aliyechelewa kusema au kusoma. Yanahusu shule za umma. Kila jimbo lina kanuni zake zinazoongezea sheria ya taifa, kwa hiyo palipo na tofauti kubwa tumeitaja.

Mwanangu alikuwa kwenye kitengo maalumu Dar es Salaam (au alipimwa Kenya kwenye EARC, kituo cha kupima watoto wenye mahitaji maalumu). Je, shule ya Marekani itaendelea pale pale alipoishia?

Hapana, haitaendelea yenyewe. Sheria kuu ya elimu maalumu Marekani, IDEA, iliyoanzia mwaka 1975, inailazimisha shule kupokea mpango wa mtoto anayetoka shule nyingine ndani ya Marekani tu. Anayetoka nchi ya nje huhesabiwa kama mtoto ambaye hajawahi kupimwa. Atapangiwa darasa la kawaida siku ya kwanza, hata kama alisoma miaka minne kwenye kitengo.

Ripoti za nyumbani hazipotei bure, hata hivyo. Timu inayompima inatakiwa kuangalia taarifa zote zilizopo, pamoja na zile zinazotoka kwa mzazi. Ripoti nzuri huwaelekeza wapimaji mahali pa kuanzia, na hufanya iwe vigumu kwa mtu kudai kwamba tatizo la mtoto ni ugeni tu.

Nibebe nyaraka gani?

Cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, ripoti za shule za miaka miwili au mitatu ya mwisho, ripoti za hospitali, vipimo vya macho na masikio, na orodha ya dawa. Shule za msingi za serikali Tanzania huandika ripoti kwa Kiswahili na za Kongo kwa Kifaransa, hivyo utahitaji tafsiri. Beba nakala halisi pamoja na tafsiri, na piga picha kila ukurasa uuhifadhi kwenye simu.

Karatasi yenye thamani kuliko zote ni barua ya mwalimu aliyemfundisha, na hiyo hupatikana kwa urahisi kabla ya kusafiri kuliko baada. Usiombe barua ya kumsifia. "Ni mtoto mtiifu, anahitaji msaada" haimsaidii mtu yeyote. Mwambie: "Mwalimu, naomba uandike anachoweza, anachoshindwa, na ulichokuwa ukifanya hadi akaweza." Barua inayofaa husomeka hivi: *Anaandika jina lake la kwanza bila kuangalia. Anahesabu hadi 20 akiwa na vizibo vya soda mkononi, lakini bila vizibo anakwama kwenye 6. Akiambiwa mambo mawili kwa mpigo hufanya la mwisho tu. Kengele ikilia huziba masikio na kukaa chini ya dawati kama dakika kumi. Akipewa kazi ya kufuta ubao hutulia.* Mpimaji akisoma hivyo anajua ampime nini.

Chukua pia video fupi za dakika mbili tatu: mtoto akicheza na ndugu zake, akiongea kwa lugha ya nyumbani, akila, na akiwa amekasirika. Mtoto aliyefika wiki tatu zilizopita anaweza kunyamaza kabisa mbele ya wageni. Video inaonyesha alivyokuwa kabla ya safari.

Tarehe kwenye nyaraka zinaleta shida gani?

Shida kubwa, na watu huigundua wamechelewa. Kwetu 5/8/2019 ni tarehe 5 Agosti. Marekani husomwa kuwa tarehe 8 Mei. Ukipeleka kadi ya chanjo bila kufafanua, dozi inaweza kuonekana ilitolewa mapema mno ikakataliwa. Andika mwezi kwa jina kwenye kila tafsiri.

La pili ni tarehe ya kuzaliwa. Wakimbizi wengi waliandikiwa 1 Januari kwa sababu tarehe halisi haikujulikana siku ya kusajiliwa. Mtoto aliyezaliwa Novemba akaandikiwa Januari ya mwaka huohuo ameongezewa miezi kumi. Vipimo vya uwezo hulinganisha mtoto na wenzake wa umri uleule kwa miaka na miezi, na kwa mtoto wa miaka sita, miezi kumi inatosha kumfanya aonekane yuko nyuma kuliko alivyo. Kubadilisha tarehe rasmi ni safari ndefu. Lakini unaweza kumweleza mpimaji siku ya kwanza na kumwomba aandike ndani ya ripoti kwamba umri halisi unakadiriwa kuwa tofauti.

Chanjo zake zimekamilika. Kwa nini shule inasema hazitoshi?

Tanzania na Kenya hutoa chanjo ya surua na rubela. Marekani wanadai ile inayojumuisha pia matubwitubwi, na juu yake chanjo ya tetekuwanga, ambayo haimo kwenye ratiba yetu ya kawaida. Dozi ya surua inayotolewa mtoto akiwa na miezi 9 haihesabiwi. Wao huhesabu kuanzia alipotimiza mwaka mmoja. Kwa hiyo hamkukosea chochote, mtoto ataongezewa sindano chache. Idara ya afya ya kaunti ndiyo mahali pa kuanzia kama bado hamna bima.

Anatumia dawa za kifafa. Je, akiwa shuleni?

Safiri na dawa ndani ya vifungashio vyake vya asili, zikiwa na barua ya daktari yenye jina la kitaalamu la dawa, kwa sababu jina la kibiashara la Nairobi au Mwanza linaweza lisijulikane kule. Kiasi kinachokubalika kwa kawaida kwa matumizi binafsi hakizidi cha siku 90. Tafuta daktari wiki ya kwanza, usingoje dawa zikaribie kuisha. Miadi ya daktari wa mishipa ya fahamu huchukua muda, na kifafa hakisubiri miadi.

Shuleni mtoto haruhusiwi kukaa na vidonge mfukoni. Muuguzi wa shule anahitaji agizo la daktari wa Marekani, ridhaa yako ya maandishi, na dawa yenyewe ikiwa kwenye chupa ya duka la dawa yenye jina la mtoto. Omba uandikwe pia mpango wa nini kifanyike degedege likitokea: dakika ngapi wasubiri, nani apigiwe, gari la wagonjwa liitwe lini.

Wapi namwandikisha, na wataniuliza karatasi za uhamiaji?

Unaandikisha kwenye wilaya ya shule unakoishi. Usiichanganye na wilaya ya kiserikali kama ya kwetu. Ni mamlaka inayoendesha shule za umma za eneo fulani. Wataomba uthibitisho wa makazi, kwa mfano mkataba wa pango au bili ya umeme. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Shule haipaswi kudai viza wala namba ya hifadhi ya jamii ili kumpokea.

Kama mmefikia kwa ndugu kwa sababu hamna pa kuishi, sema hivyo wazi. Kuna sheria, McKinney-Vento, inayoilazimisha shule kumpokea mtoto wa namna hiyo mara moja hata kabla karatasi hazijakamilika.

Tahadhari moja: viza ya utalii hairuhusu kusoma. Shule inaweza kumpokea mtoto, lakini maombi ya viza ya baadaye yanaweza kuharibika.

Alikuwa darasa la pili kwetu. Kwa nini amewekwa darasa la sita?

Kwa sababu Marekani mtoto hupangwa kwa umri. Kurudishwa madarasa manne nyuma hakukubaliki, na kwa kweli kumkalisha kijana wa miaka 12 na watoto wa miaka minane hakumfundishi kusoma. Nguvu zako zielekeze kwenye msaada atakaopewa akiwa na wenzake wa umri wake.

Naombaje apimwe?

Kwa maandishi. Maneno ya mdomo na mwalimu mlangoni hayaanzishi chochote, hata kama mwalimu ni mwema na ameitikia kwa kichwa. Mpelekee mwalimu mkuu na mratibu wa elimu maalumu barua au barua pepe yenye tarehe, na ubaki na nakala. Inatosha kuandika hivi, kisha itafsiriwe:

*Mimi ni mzazi wa (jina), aliyezaliwa (tarehe), darasa la (…). Naomba afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalumu chini ya sheria ya IDEA, katika maeneo yote anayohisiwa kuwa na ulemavu. Wasiwasi wangu ni kusema, kusoma na kuhusiana na wenzake. Nyumbani tunazungumza Kiswahili. Naomba apimwe kwa lugha hiyo na mkalimani awepo kwenye kila kikao. Naomba jibu kwa maandishi.*

Shule ina njia mbili: ikuletee fomu ya ridhaa, au ikukatalie kwa maandishi ikieleza sababu. Saa ya sheria haianzi kuhesabu siku ulipotuma barua. Inaanza siku uliposaini ridhaa. Fomu ikikaa kwenye begi la mtoto wiki mbili, umepoteza wiki mbili. Kisheria, tathmini ikamilike ndani ya siku 60 tangu ridhaa, isipokuwa jimbo limeweka muda wake. Ukisaini tarehe 10 Septemba, siku ya 60 ni 9 Novemba. Texas wao huhesabu siku 45 za shule, yaani likizo na wikendi hazimo. Mtoto akionekana anastahili, kikao cha kuandika mpango wake kifanyike ndani ya siku 30.

Wameniambia asubiri mwaka mmoja ajue Kiingereza kwanza. Ni sahihi?

Si sahihi, na hili ndilo jambo linalowapotezea watoto wetu muda mwingi kuliko lolote. Hakuna kifungu kinachosema mtoto asubiri kujua Kiingereza ndipo apimwe. Mtoto ana haki ya masomo ya Kiingereza kwa wageni na ana haki ya elimu maalumu, zote mbili kwa wakati mmoja. Shule pia inaweza kumpa mtoto masomo ya ziada ya majaribio kuona kama atainuka, lakini haiwezi kutumia majaribio hayo kuchelewesha au kukataa tathmini.

Hofu yao, kwamba ugeni wa lugha utachukuliwa kuwa ulemavu, ina msingi. Sheria inakataza mtoto kuitwa mlemavu pale ambapo sababu kuu ni kutojua Kiingereza, au kutofundishwa ipasavyo kusoma na hesabu. Mtoto aliyekaa kambi ya Nyarugusu kwenye darasa lenye msongamano mkubwa anaweza kuwa hajui kusoma kwa sababu hakufundishwa. Dawa ya hofu hiyo ni kumpima vizuri, kwa lugha yake, na si kumngojesha.

Wewe ndiye mwenye ushahidi wa kutenganisha mambo haya mawili. Ulemavu wa kujifunza au wa lugha huonekana katika lugha zote za mtoto. Jiulize na uandike: kwa Kiswahili, alianza kusema maneno mawili pamoja akiwa na umri gani? Ndugu zake je? Anaweza kusimulia kilichotokea jana ukaelewa bila kumuuliza maswali kumi? Bibi aliyemlea aliona nini? Watoto wa nyumba moja waliosoma shule moja ni kipimo kizuri: wadogo zake wakishika kusoma baada ya miezi sita naye akibaki palepale, hilo si suala la Kiingereza.

Mpimaji atajuaje tofauti ya lafudhi na tatizo la usemi?

Mara nyingi hatajua mpaka aelezwe, kwa hiyo mweleze. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu. Mtoto anayesema "buku" au "milki" akijaribu Kiingereza anafuata kanuni ya lugha yake. Kiswahili hakitenganishi mwanamume na mwanamke kwenye "yeye", kwa hiyo kumwita dada kwa kiwakilishi cha kiume si ishara ya kuchanganyikiwa. Watoto wa baadhi ya jamii hubadilishana "r" na "l" kwa sababu ya lugha ya kwanza ya nyumbani.

Kuna jambo la ndani zaidi kwa familia za Kongo. Mtoto wa Dar es Salaam mwenye miaka saba akisema "kitabu yangu" kila mara, mpimaji anaweza kuuliza zaidi kuhusu upatanisho wa ngeli zake. Mtoto wa Bukavu akisema hivyohivyo anaongea kama mama yake. Mkalimani wa Kitanzania asiyejua hilo atamwambia mpimaji "amekosea sarufi", na kosa linaingia kwenye ripoti. Sema mapema Kiswahili chenu ni cha wapi.

Tabia nayo hutafsiriwa vibaya. Mtoto aliyefundishwa kutomkodolea mkubwa macho atainamisha uso akiulizwa, na fomu za kupima usonji zina kisanduku cha "hatazami mtu machoni". Usikatae uchunguzi wa usonji kwa sababu hiyo. Mwambie tu mpimaji amwangalie akiwa na watoto wenzake, ambako heshima haimfungi.

Jambo la mwisho kuhusu alama. Mtihani uliotungwa kwa Kiingereza ukatafsiriwa papo hapo na mkalimani hautoi tena alama ya kuaminika, kwa sababu haukulinganishwa na watoto wanaozungumza Kiswahili. Ukiona namba moja ya kiwango cha akili (IQ) kwenye ripoti, uliza: kipimo kilifanywa kwa lugha gani, na kwa nini namba imetolewa badala ya maelezo? Kuna vipimo visivyohitaji maneno, vya picha na maumbo. Omba vitumike pia.

Kwenye fomu ya lugha ya nyumbani niandike nini?

Ukweli. Wazazi wengine huandika Kiingereza wakidhani mtoto atadharauliwa. Matokeo yake hapewi masomo ya lugha wala mkalimani. Kama mtoto anaongea Kibembe au Kinyamulenge na bibi, na Kiswahili mtaani, andika vyote na ueleze ipi anaielewa zaidi.

Mkalimani analipwa na nani? Mwanangu mkubwa hawezi kutafsiri?

Analipwa na shule. Usimtumie mtoto wako, hata kama Kiingereza chake ni kizuri. Maneno ya vikao hivi ni magumu, na mtoto ataruka yale yatakayomuumiza mama.

Uliza mapema mkalimani atakuja ana kwa ana au kwa simu. Kikao cha saa moja kikiwa na mkalimani hujaa haraka, omba saa mbili. Na angalia maneno yanayoteleza. Ulemavu wa akili umetafsiriwa mara nyingi kuwa ugonjwa wa akili, mzazi akatoka akiamini mwanawe ameitwa kichaa. Sisi wenyewe tunaita "mtindio wa ubongo" vitu viwili tofauti: udhaifu wa viungo unaotokana na ubongo, na ulemavu wa akili. Ukilitumia, eleza: miguu na mikono, au kuelewa, au vyote.

Tuna cheti cha daktari kinachosema ana usonji. Si kinatosha?

Hakitoshi peke yake. Shule huuliza maswali mawili: je, ana ulemavu katika mojawapo ya makundi 13 ya sheria, na je, kwa sababu hiyo anahitaji kufundishwa kwa namna maalumu? Cheti husaidia swali la kwanza. Mtoto mwenye ulemavu ambaye hahitaji mafundisho maalumu, kwa mfano mwenye kisukari au kifafa kilichotulia, hupewa mpango wa Kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973, unaompa marekebisho kama muda wa ziada au ruhusa ya kwenda kwa muuguzi.

IEP ni nini hasa, na niangalie wapi?

IEP ni mpango wa elimu wa mtoto mmoja mmoja, andiko linaloifunga shule kisheria. Huandikwa na timu, na mzazi ni mjumbe kamili wa timu hiyo. Jina la kikao hubadilika: Texas watakuita kwenye ARD, New York kwenye CSE. Huduma ni bure.

Andiko linaweza kufika kurasa 20 au 30. Anza na sehemu tatu. Ya kwanza ni hali ya mtoto sasa. Ikiwa imeandikwa vibaya, kila kitu baada yake kitapotoka, kwa hiyo hapa ndipo ile barua ya vizibo inapofanya kazi.

Ya pili ni malengo ya mwaka. Lengo lisilopimika halina nguvu. "Ataboresha kusoma" halimfungi mtu. "Kufikia Mei, akipewa kifungu cha darasa la kwanza, atasoma maneno 40 sahihi kwa dakika, katika majaribio 3 kati ya 4" linapimika, na Mei ikifika utauliza umefika wapi.

Ya tatu ni jedwali la huduma, na hapo ndipo pesa na watu walipo. Soma kila mstari: huduma gani, dakika ngapi, mara ngapi, wapi, kwa kikundi au peke yake. "Tiba ya usemi, dakika 30, mara 2 kwa wiki, kikundi kisichozidi watoto 3" ni ahadi. "Tiba ya usemi kadri itakavyohitajika" si ahadi. Dakika 60 kwa mwezi zinasikika nyingi kikaoni. Ni robo saa kwa wiki. Uliza pia kuhusu basi lenye msaidizi, vifaa vya kusaidia kuwasiliana, tiba ya viungo, na huduma za kiangazi kwa mtoto anayesahau sana likizo ikiwa ndefu.

Sheria inataka mtoto akae na wenzake wasio na ulemavu kadiri inavyowezekana. Akiwekwa darasa la wenye ulemavu peke yao, sababu iwe imeelezwa. Wazazi wetu wengi, wakikumbuka kitengo cha nyumbani, hudhani darasa maalumu la siku nzima ndilo bora. Wakati mwingine ni kweli. Ila omba kwanza kuona kama msaada unaweza kumfuata kwenye darasa la kawaida.

Nikisaini siku ya kikao nimekubali kila kitu?

Inategemea umesaini wapi. Sahihi ya mahudhurio inasema ulikuwepo tu. Ridhaa ya kupimwa si ridhaa ya kuanza huduma. Ya pili huombwa peke yake mara ya kwanza, na bila hiyo shule haiwezi kuanza. Una haki ya kwenda na andiko nyumbani. Shule nyingi hazilitafsiri bila kuombwa, kwa hiyo omba tafsiri kwa maandishi. Unaweza pia kukubali sehemu ili huduma zianze, ukaandika unachopinga.

Jihadhari na miaka inayofuata. Sehemu nyingi mpango mpya huanza kutumika hata bila sahihi yako, ukinyamaza. Kama hukubali, andika. Mpango hupitiwa angalau mara moja kwa mwaka, na tathmini nzima hurudiwa angalau kila miaka mitatu.

Mwanangu ni kiziwi na anajua Lugha ya Alama ya Tanzania.

Lugha ya alama ya Marekani ni nyingine. Mtoto anaanza lugha mpya, na mkalimani wa Kiswahili cha mdomo hamsaidii. Omba mpimaji anayefahamu watoto viziwi, na andika kwamba ana lugha tayari. Asihesabiwe kama asiye na lugha. Mtoto asiyeona aliyejifunza nukta nundu kwa Kiswahili anajua herufi, lakini vifupisho vya Kiingereza atafundishwa upya. Hilo liingie kwenye malengo.

Ana ualbino. Anasoma vizuri tu.

Anasoma vizuri kwa sababu anakaza macho, na huchoka. Mpeleke kwa daktari wa macho apimwe uoni hafifu, kisha omba maandishi makubwa, kukaa mbele mbali na dirisha lenye mwanga mkali, na nakala ya kilichoandikwa ubaoni. Ngozi nayo iandikwe. Shule nyingi hukataza kofia ndani na baadhi hutaka barua ya daktari hata kwa mafuta ya kuzuia jua, kwa hiyo ruhusa ya kofia, mikono mirefu na kupaka mafuta kabla ya michezo ya nje iwemo kwenye mpango.

Mdogo wake ana miaka miwili na hajasema.

Usingoje shule. Watoto walio chini ya miaka 3 wana huduma yao, mara nyingi inayotolewa nyumbani. Kuanzia mtoto anaporipotiwa, kikao cha mpango wa familia kifanyike ndani ya siku 45. Mzazi mwenyewe anaweza kupiga simu, bila rufaa ya daktari.

Sikubaliani na matokeo ya tathmini.

Andika kwamba hukubali na unaomba tathmini huru kwa gharama ya umma. Shule ama ilipe, ama iende mbele ya afisa anayesikiliza mashauri kuthibitisha kwamba ya kwao ilitosha. Kuna pia upatanishi wa bure, na malalamiko kwa idara ya elimu ya jimbo: yapelekwe ndani ya mwaka mmoja tangu kosa, nayo hujibiwa ndani ya siku 60. Shauri rasmi kwa kawaida lina ukomo wa miaka miwili. Wakati shauri linaendelea mtoto hubaki kwenye huduma alizonazo. Kila jimbo lina kituo cha kuwaelimisha wazazi wa watoto wenye ulemavu, na hakitozi ada.

Shule inampigia simu kila siku mama yake aje amchukue kwa sababu ya fujo.

Kila mara anaporudishwa nyumbani mapema, andika tarehe na saa, na omba karatasi. Kumtoa bila karatasi ni kumsimamisha kimyakimya. Akiondolewa zaidi ya siku 10 kwa namna inayobadilisha mahali pake pa kusoma, shule lazima iitishe kikao ndani ya siku 10 za shule kuamua kama tabia imetokana na ulemavu wake. Ikiwa ndivyo, wanatakiwa kuchunguza chanzo na kuandika mpango wa tabia.

Wazazi waelewe pia kwamba walimu kule wanalazimika kisheria kuripoti alama za kipigo. Fimbo inayoonekana ya kawaida kwetu inaweza kuleta maofisa wa ustawi wa watoto mlangoni.

Ana miaka 17. Tumechelewa?

Hapana. Haki ya elimu maalumu hufika miaka 21 kwa sehemu kubwa ya majimbo. Michigan huenda hadi 26. Lakini stashahada ya kawaida ya sekondari huifunga haki hiyo siku anapoipokea, hata akiwa na miaka 18. Cheti cha kuhudhuria hakiifungi. Usiruhusu kijana ahitimu haraka kwa furaha ya joho kabla hujauliza anapewa karatasi ipi. Kufikia miaka 16, mpango wake lazima uwe na malengo ya baada ya shule: kazi, mafunzo, kujitegemea, kupanda basi mwenyewe.

Tunahama kutoka Texas kwenda Ohio. Tunaanza upya?

Safari hii hapana, kwa kuwa mko ndani ya Marekani. Shule mpya inatakiwa kumpa huduma zinazolingana na zilizo kwenye mpango wake mpaka itakapokamilisha tathmini yake na kuandika mpango mpya. Kumbukumbu kati ya shule huchelewa, kwa hiyo siku ya kuaga chukua mkononi mpango wa sasa, ripoti ya tathmini ya mwisho na ripoti za maendeleo. Mpe karani wa shule mpya nakala asubuhi ya kuandikisha, akugongee muhuri wa tarehe kwenye nakala unayobaki nayo.